Kazi ya mazishi Nambis: nani analipwa, na kijana ategemee nini?

Mtu akifariki katika kata ya Nambis, ndani ya Halmashauri ya Mji wa Mbulu mkoani Manyara, hakuna kampuni inayopigiwa simu. Taarifa hupelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa katekista au mzee wa kanisa, kwa jumuiya ndogondogo na kwa majirani. Muda si mrefu vijana wanakuwa na majembe na sururu mahali familia ilipoonyesha kaburi lichimbwe, akina mama wanafika na kuni, unga na maharage, na mtu mmoja anayeaminika anakabidhiwa daftari la rambirambi. Kazi yote ya mazishi inafanyika, na sehemu kubwa yake haina ujira.

Lakini pesa hutumika katika msiba huohuo. Jeneza linanunuliwa. Gari linakodiwa. Kama marehemu alifia hospitali, chumba cha kuhifadhia maiti kinalipiwa kwa siku. Turubai, viti na spika vina wenyewe. Siku hizi kuna pia saruji na vigae vya kaburi, picha kubwa ya marehemu, na mwendesha ratiba mwenye kipaza sauti. Kila kimoja kati ya hivyo ni kipato cha mtu fulani, mara nyingi mtu anayeishi mjini Mbulu, Babati au Arusha.

Ndiyo maana tunauliza swali ambalo wazazi wengi wasingependa kulisikia mezani: je, kijana wa Nambis anaweza kuichukua kazi ya mazishi kama kazi yake ya maisha? Tunavyoona sisi, kazi ipo na itaendelea kuongezeka, ila hapa Tanzania bado haijawekewa njia. Hakuna ngazi ya kupanda, mafunzo rasmi ni machache, na anayeingia huingia kwa kubahatisha. Na kuna jambo jingine ambalo mazungumzo ya ajira husahau. Nambis tayari ina mfumo wa mazishi unaofanya kazi. Anayetaka kuishi kwa kazi hii lazima ajue ni sehemu gani ya mfumo huo jamii haiwezi kuifanya yenyewe, na ni sehemu gani haiuzwi.

Mila za kifo kwenye nyanda za Mbulu na Hanang

Wakazi wengi wa Nambis ni Wairaqw, ambao watu wa nje huwaita Wambulu. Katika mila zao kifo kiliiweka kaya katika hali inayoitwa metimani. Kaya iliyofiwa ilikaa kando kwa kipindi fulani bila kuchangamana na wengine kama kawaida, kwa sababu kifo kilihesabiwa kuwa na unajisi unaoweza kuwafikia majirani na mifugo yao. Watafiti kama Ole Bjørn Rekdal na Katherine Snyder, walioishi na kuandika kuhusu Wairaqw, wameeleza jinsi desturi hiyo ilivyokuwa na nguvu na jinsi ilivyolegea kadiri Ukristo ulivyoenea. Leo kanisa, liwe la Jimbo Katoliki la Mbulu au la KKKT, ndilo linalopanga ratiba ya mazishi kwa familia nyingi, na msiba ambao zamani ulitenga watu sasa unawakusanya.

Hata hivyo hofu ya zamani haijaisha yote. Mtu anayeshika maiti kila siku bado hutazamwa kwa jicho la pembeni. Wapo watakaosita kumpa mkono, na wapo watakaouliza kama kweli anakula vizuri baada ya kazi. Si Mbulu peke yake; wahudumu wa mochwari wa Dar es Salaam na Nairobi wamekuwa wakieleza hayo hayo kwa waandishi wa habari kwa miaka. Lakini pale ambapo mila ilikuwa na jina kamili la unajisi wa kifo, kijana anayeingia kwenye kazi hii anapaswa kujua kwamba ataulizwa maswali hata na wazazi wa mchumba wake.

Upande wa Hanang, Wabarabaig, ambao ni sehemu ya Wadatoga, wana historia tofauti. Mzee aliyeheshimika aliweza kufanyiwa mazishi ya bung'ed, ambapo ndugu wa ukoo hukusanyika na kuinua kichuguu cha udongo juu ya kaburi kwa hatua, katika shughuli inayochukua miezi na kumalizika kwa karamu yenye pombe ya asali. Hiyo ni kazi yenye ujuzi, yenye ratiba na mgawanyo wa majukumu, na hakuna anayetoa ankara. Makaburi hayo yalikuwa pia alama ya nani ana haki na ardhi ile. Mashamba makubwa ya ngano ya shirika la NAFCO yalipofunguliwa katika nyanda za Basotu kwa msaada wa Kanada, kuanzia miaka ya 1970, kulimwa kwa makaburi kulikuwa miongoni mwa malalamiko mazito ya Wabarabaig.

Tunayataja haya kwa sababu yanahusu soko moja kwa moja. Katika eneo hili, kuchimba kaburi la jirani kwa malipo ni karibu na tusi. Mtu anayefungua biashara ya kuchimba makaburi Nambis atafunga kabla ya mwezi kuisha, na pengine atakosa watu wa kuchimba la kwake. Kinachouzika ni kile ambacho majirani hawana: baridi ya jokofu, dawa ya kuhifadhi mwili, gari linaloweza kupanda mlima wakati wa mvua, mbao zilizopigwa randa, na mtu anayejua karatasi zinapogongwa muhuri.

Umbali ndio ulioleta soko

Zamani mtu alifia nyumbani au karibu na nyumbani na kuzikwa siku hiyo au kesho yake. Hali ya hewa ya Mbulu ni ya ubaridi, kwa hiyo kulaza maiti usiku mmoja hakukuhitaji kifaa. Kilichobadilika ni mahali watu wanapofia. Mgonjwa wa Nambis anaweza kulazwa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza mwaka 1955 na iliyoko takriban kilomita 80 kutoka mji wa Mbulu. Anaweza kupelekwa Dareda, Arusha, KCMC mjini Moshi au Muhimbili. Kijana aliyekwenda kutafuta maisha kwenye machimbo ya tanzanite ya Mirerani, au aliyeajiriwa ulinzi Dar es Salaam, akifa huko anapaswa kurudishwa, kwa kuwa kuzikwa ugenini wakati shamba la baba lipo ni jambo ambalo familia nyingi haziwezi kulikubali.

Kutoka Dar es Salaam hadi Mbulu ni zaidi ya kilomita 700. Katika safari hiyo mwili unahitaji kuwa umehifadhiwa vizuri, jeneza linahitaji kufungwa sawasawa, na dereva anahitaji kibali cha kusafirisha mwili, uzoefu wa usiku, na tabia ya kukaa saa nyingi na watu wanaolia bila kuwaongezea machungu. Madereva wa namna hiyo ni wachache. Wengi wanaofanya kazi hii ni wenye Noah au Coaster za abiria ambao wiki hii wamebeba harusi na wiki ijayo wanabeba maiti, viti vikiwa vimeng'olewa. Familia hulipa bei inayotajwa kwa sababu haina muda wa kulinganisha. Hapo ndipo kijana mwenye leseni ya udereva, gari lililotengenezwa kwa kazi hiyo na bei inayojulikana mapema anaweza kujenga jina. Katika biashara ya misiba hakuna tangazo linaloshinda maneno ya aliyehudumiwa vizuri, na hakuna aibu inayosambaa haraka kama ya gari lililoharibika Minjingu saa nane za usiku na jeneza ndani.

Hesabu ya majeneza

Wengi wakifikiria biashara ya mazishi hufikiria jeneza. Tuifanye hesabu yake.

Makadirio ya Umoja wa Mataifa yanaweka vifo Tanzania kwenye takriban 6 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Chukua kata yenye watu 10,000, kwa mfano tu. Hapo tunategemea vifo kama 60 kwa mwaka, yaani vitano kwa mwezi. Baadhi ni vya watoto wachanga, ambao jeneza lao ni dogo na faida yake ni ndogo zaidi, na hakuna seremala mwenye utu anayeikuza. Baadhi ya marehemu ni Waislamu, ambao hawanunui jeneza kabisa. (Pwani neno jeneza lina maana yake ya awali: kitanda cha msikiti kinachombeba maiti hadi kaburini na kurudi kumsubiri mwingine. Ni huku bara ambako limekuwa sanduku linalobaki chini.) Baadhi ya familia zitanunua mjini au zitaletewa mwili ukiwa tayari ndani ya jeneza kutoka Arusha. Seremala wa kata akibahatika atauza mawili au matatu kwa mwezi.

Kwa hiyo seremala wa vijijini hawezi kuishi kwa majeneza peke yake, na kwa kweli hakuna anayejaribu. Anatengeneza milango, vitanda, madawati ya shule, na anaweka mbao za paini au za grivelia kando kwa ajili ya jeneza la dharura. Ujuzi unaomfaa ni useremala kamili, ule unaofundishwa kwenye vyuo vya VETA na kwenye karakana za mitaani, na jeneza linakuwa bidhaa moja kati ya nyingi.

Ukipanua eneo, hesabu inabadilika. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Manyara na watu 1,892,502. Kwa kiwango kilekile cha vifo, mkoa mzima una misiba takriban 11,000 kwa mwaka, au kama 30 kwa siku. Hilo ni soko linaloweza kulisha watu. Lakini ni soko la mtu mwenye gari, simu inayopatikana usiku na mahusiano na hospitali za Mbulu, Haydom, Babati na Katesh, si la mwenye kibanda kimoja kando ya barabara ya kijijini. Kijana anayeanzia Nambis anapaswa kujiona kama mtu wa wilaya tangu siku ya kwanza.

Kuna jambo moja kuhusu bei ambalo tunaona lisemwe wazi. Msiba ni soko ambalo mnunuzi hana nguvu. Amechoka, ana haraka, anatazamwa na ukoo mzima, na akichagua jeneza la bei nafuu anaogopa kuambiwa hakumpenda baba yake. Muuzaji anayeujua udhaifu huo na kuutumia atapata pesa mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu katika jamii ambayo kila mtu anamjua mwenzake, atakuwa anauza milango.

Ndani ya mochwari

Ajira ya kudumu zaidi katika sekta hii iko hospitalini. Kila hospitali ya wilaya inahitaji mtu wa kupokea mwili, kuuandika, kuuosha, kuuhifadhi, kumsaidia daktari wakati wa uchunguzi na kuukabidhi kwa ndugu sahihi. Kukabidhi mwili kwa ndugu wasio wake ni kosa ambalo familia mbili hazitalisahau maisha yote, na kinachozuia kosa hilo ni lebo moja iliyofungwa vizuri na mhudumu anayesoma mara mbili.

Pamoja na uzito huo, Tanzania haina baraza la kitaaluma la wahudumu wa mazishi kama lilivyo la wauguzi au la wafamasia. Wengi waliomo waliingia kama wahudumu wa kawaida wa hospitali, wakapangiwa mochwari kwa sababu hakukuwa na aliyetaka, wakajifunza kwa kumtazama aliyetangulia. Wengine walikuwa vibarua wa usafi. Ujuzi wao ni wa kweli, wakati mwingine ni mkubwa, ila haumo kwenye karatasi yoyote wanayoweza kuipeleka hospitali nyingine kuombea kazi. Nafasi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na hospitali za mashirika ya dini huajiri zenyewe. Aliyefanya kazi miaka kumi anaweza kujikuta anashindana na kijana aliyemaliza kidato cha nne jana, kwa daraja lilelile.

Hatari za kazi hii nazo si za kufikirika. Fomalini inayotumika kuhifadhi maiti ina kemikali ya fomaldehaidi, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka mwaka 2004 katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Inachoma macho na koo, na katika chumba kisicho na madirisha ya kutosha au feni ya kutoa hewa, mhudumu anaivuta kila siku. Kuna damu na majimaji ya mwili, kuna homa ya ini aina ya B, ambayo ina chanjo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa ajili ya anayeumia au kuugua kutokana na kazi. Lakini haki hizo humfikia kwa urahisi yule mwenye mkataba. Kibarua anayelipwa mkononi jioni, akianza kukohoa baada ya miaka minane, atapata shida kubwa kuthibitisha hata kwamba aliwahi kuwa mle ndani.

Mhudumu hubeba pia lawama za maamuzi ambayo si yake. Serikali imeagiza zaidi ya mara moja kwamba hospitali zisizuie maiti kwa sababu ya deni la matibabu. Agizo likitolewa Dodoma na deni likibaki kwenye vitabu vya hospitali, anayekutana uso kwa uso na ndugu wenye hasira mlangoni ni mhudumu wa mochwari. Namna ya kuzungumza na watu hao, na namna ya kuwaelekeza kwa afisa ustawi wa jamii badala ya kubishana nao, ni sehemu ya ujuzi wa kazi hii.

Desemba 2023

Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliufunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Waliokufa walizidi 80. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa mabadiliko ya tabianchi, alikatisha safari, na serikali ikatangaza kugharamia mazishi na matibabu ya majeruhi. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika Katesh kuongoza waombolezaji kuaga miili.

Yeyote aliyewahi kufanya kazi ya mochwari anajua kilichokuwa nyuma ya picha za televisheni. Mwili uliotolewa kwenye tope unapaswa kuoshwa kabla ndugu hajauona. Unapaswa kupewa namba na kuandikwa alama zake: nguo, pete, kovu. Majeneza ya ukubwa tofauti yanahitajika kwa wingi na kwa siku moja, watoto wakiwemo. Ndugu wanapaswa kupita mmoja mmoja, kwa utaratibu, na kuwe na mtu wa kuwashika wakianguka. Hospitali ya wilaya imepangwa kwa ajili ya misiba michache kwa siku. Siku kama ile inaonyesha thamani ya kuwa na watu waliofunzwa ndani ya mkoa, wanaojulikana kwa majina na wanaoweza kuitwa kabla msaada haujafika kutoka mbali.

Mapema mwaka huohuo, mkoani Kagera, mlipuko wa virusi vya Marburg uliotangazwa tarehe 21 Machi ulikuwa umeua watu sita kabla ya kutangazwa kumalizika tarehe 2 Juni. Marburg na Ebola huambukiza kupitia mwili wa marehemu, na ni kawaida kwa maambukizi kusambaa wakati wa kuosha na kuaga. Kazi ya timu ya mazishi salama ni kuzika bila mtu mwingine kuambukizwa na bila kuivunjia familia heshima, mambo mawili ambayo yanavutana. Marburg iliporudi Kagera mapema mwaka 2025, wilayani Biharamulo, somo lilikuwa lilelile. Haya ni majukumu ya afya ya jamii, na ni hoja yenye nguvu zaidi kwa wanaodai kuwa wahudumu wa maiti waingizwe rasmi kwenye orodha ya kada zinazofundishwa na kusajiliwa.

Wengine wamefikaje

Kenya imetangulia kidogo. Chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC kina kozi ya sayansi ya mochwari, na Nairobi ina nyumba za mazishi za binafsi zinazojulikana, kama Lee Funeral Home. Kijana wa Manyara anaweza kusoma Kenya, ila akirudi nyumbani atakuta cheti chake hakina kada ya kukipokea, na hilo alijue kabla hajalipa ada.

Marekani, ambako uhifadhi wa maiti kwa dawa ulienea wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 kwa sababu familia zilitaka askari wao warudishwe nyumbani, sasa majimbo karibu yote yanadai leseni, masomo ya chuo na kipindi cha kujifunza kazini. Angalia chanzo chake: umbali kati ya mahali pa kufia na mahali pa kuzikwa. Ndicho chanzo kilekile cha soko la Mbulu.

Mfano unaotuvutia zaidi uko Afrika Kusini. AVBOB, iliyoanzishwa mwaka 1918, ni jumuiya ya kusaidiana ambayo wenye bima ndio wanachama wake. Leo inauza bima ya mazishi, ina ofisi za mazishi nchi nzima na kiwanda cha majeneza. Ethiopia nayo ina iddir, vyama vya mtaa ambavyo wanachama huchangia kila mwezi. Vingi vinamiliki mahema, masufuria na viti vyao wenyewe, kwa hiyo mwanachama akifiwa hakodi kitu.

Chama cha kufa na kuzikana

Nambis na kata zinazoizunguka hazina haja ya kuagiza wazo hilo kutoka nje. Vyama vya kufa na kuzikana vipo kote Tanzania, vya kanisa, vya ukoo, vya wenyeji wa mahali fulani wanaoishi mjini. Wambulu walioko Arusha na Dar es Salaam hukutana kwa namna hiyo, na kazi kubwa ya vikundi vyao ni kusafirisha miili kurudi nyumbani. Tatizo ni kwamba vyama vingi hukusanya pesa na kuzitoa zote kwa wenye magari, wenye maturubai na wenye majeneza. Kila msiba unaanza upya, na bei inapangwa upya na mtu wa nje.

Tunadhani hapa ndipo ajira inapoweza kuzaliwa bila kuua ule msaada wa bure. Chama chenye wanachama mia tatu kinaweza kununua turubai na viti mara moja, na kumlipa kijana mmoja wa kuvitunza na kuvikodisha kwa harusi siku ambazo hakuna msiba. Vyama vitano vikiungana vinaweza kuwa na gari moja na madereva wawili wenye mkataba. Seremala anaweza kupewa mbao na chama na kulipwa ufundi, bei ikiwa imeandikwa kwenye katiba yao kabla mtu hajafa. Kuchimba kaburi kunabaki kwa majirani, kupika kunabaki kwa akina mama, sala zinabaki kwa kanisa. Mtaji wa kuanzia unaweza kutafutwa kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya vijana, mikopo iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Halmashauri imezoea kupokea maombi ya bodaboda na kuku. Gari la kubebea maiti litawashangaza kwanza, lakini marejesho yake yanahesabika kirahisi kuliko ya kuku.

Hatari ipo. Benki na kampuni za bima nazo zimeona soko hili na zinauza bima ya mazishi, na si jambo baya kwa mwenye mshahara. Lakini anayelipiwa kila kitu na bima anaweza kuanza kuona hana haja ya kwenda kuchimba la jirani. Mkulima asiye na bima atabaki na watu wachache zaidi wa kumsaidia. Chama kinachoajiri vijana wake kinaweza kuendelea kudai kwamba kila mwanachama afike na jembe, kampuni haiwezi.

Kwa anayetaka kuanza sasa

Kijana anayefikiria mochwari aombe mkataba wa maandishi, aulize kama mwajiri amesajiliwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, apate chanjo ya homa ya ini ya B na asikubali kushika fomalini bila glavu, barakoa inayofaa na hewa inayopita. Anayefikiria usafirishaji aanze kwa kujua vibali kabla ya kununua gari. Anayefikiria majeneza ajifunze useremala wote.

Na kuna nafasi moja ambayo karibu hakuna anayeitumia: karatasi. Kifo kinapaswa kusajiliwa, na utaratibu wa RITA unataka hilo lifanyike ndani ya siku 30. Kilichotokea hospitalini kina fomu yake, kilichotokea nyumbani huanzia kwa mtendaji wa kijiji. Familia nyingi huzika, zikamaliza matanga na kusahau, hadi siku mjane anapofuatilia msaada wa mazishi na pensheni ya marehemu NSSF, au watoto wanapofungua mirathi mahakamani, na kila dirisha linawauliza cheti cha kifo. Kufuatilia baada ya miaka mitatu ni nauli za Mbulu na Babati, viapo na mashahidi. Mtu wa chama anayekusanya taarifa zote siku ya mazishi, wakati mwenyekiti, mtendaji na ndugu wote wako uwanjani hapohapo, anaweza kuimaliza kazi hiyo ndani ya wiki, kwa ada ambayo familia yoyote ingeilipa kuliko kuanza safari hizo baadaye.